Sita na tisa: nilivyoweza kuwasikia wateja kwenye kelele za Kariakoo

Sikio langu la kushoto halisikii kabisa tangu nikiwa na miaka saba, nilipougua matubwitubwi. Nyumbani tukiwa wawili naongea vizuri tu, mtu hata hajui. Shida ilikuja nilipoanza kuuza vitambaa vya mapazia Kariakoo, kulia kwangu spika inapiga "elfu tano tano" kutwa nzima, jenereta la jirani linanguruma, na wateja watatu wanaongea kwa mpigo.

Siku moja mama mmoja kaniambia mita sita, nikakata tisa. Hebu tamkeni hayo maneno, irabu ni zilezile i na a, tofauti ni s na t tu zimebadilishana nafasi, na hizo ndo sauti nyembamba zisizo na nguvu, kelele inazimeza kwanza, unabaki na "i-a" tu masikioni. Mama akazikataa zile tatu za juu, na kitambaa kikishakatwa ndo kimekatwa, bosi akanikata kwenye hela yangu. Nililia jamani.

Ushauri niliopewa sasa! Mara weka mafuta ya moto na kitunguu swaumu (msithubutu, kilichoharibika kiko ndani kabisa, mafuta hayafiki huko). Mara nunua kimashine cha kukuza sauti, nikanunua, elfu themanini au tisini hivi, nikakivaa sikio zima, kumbe kinakuza kila kitu mpaka ile spika, adhuhuri haijafika nimeshakivua kichwa kinagonga. Mwingine ananiambia angalia midomo. Midomo inasaidia kweli, mtu akisema "mbili" unaona inafumba, ila kwenye sita na tisa kazi yote ni ya ulimi hapo nyuma ya meno, kwa nje huoni kitu.

Aliyenifumbua macho ni dada aliyenipima. Alinieleza ubongo unalinganisha masikio mawili ndo unajua sauti inatoka wapi na kumchambua mtu mmoja kwenye kundi, sasa mwenye moja inabidi achague pa kukaa. Nikambembeleza bosi tukahamishia meza ya kupimia upande wa pili wa mlango, fundi kachukua kama elfu ishirini. Sa hivi spika iko kushoto, kichwa changu chenyewe kinaikinga, mteja yuko kulia.

Hii nyingine niliigundua mwenyewe na naipenda mno. Siulizi tena "umesemaje?" maana mtu anarudia neno lilelile kwa kupayuka. Nauliza "tano na moja?" Kama ni sita anaitikia, kama ni tisa anasema hapana, na nne. Moja na nne hata yawake majenereta mawili huwezi kuzichanganya.

Mwaka wa pili huu sijakata hata mita moja kimakosa. Yule mama alirudi kabla ya Idi, nikamuuliza, "Tano na moja, mama?" Akasema, "Na nne mwanangu, tumeongeza chumba."