Mifupa Aliyoibeba Babu

Mwezi wa Mei mwaka 2011 mama alikuja kunitembelea Berlin, nilikokuwa nikisoma, na siku ya tatu nikampeleka kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili, lililoko Invalidenstraße. Njiani sikumweleza mengi. Nilimwambia tu kwamba kuna kitu cha kwetu Lindi nilichotaka akione kwa macho yake.

Tulipoingia katika ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, mama alisimama ghafla, akainua uso taratibu kama mtu anayetafuta dafu juu ya mnazi mrefu. Mbele yetu palisimama mifupa ya Giraffatitan, dinosaria aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, kichwa chake kikiwa mita 13.27 kutoka sakafuni. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga.

"Huyu ametoka wapi, baba?" aliniuliza.

"Tendaguru, mama."

Alinyamaza. Kilima cha Tendaguru kiko kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na nyumbani kwetu jina hilo halikuhitaji maelezo, kwa sababu babu yake mama alikuwa mmoja wa waliofanya kazi ya Mdachi pale, naye aliwahadithia wanawe kwamba alilipwa kubeba mifupa ya jitu. Uchimbaji ule ulianza mwaka 1909 chini ya uongozi wa wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig, na ukaendelea hadi 1913, yaani miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji na njaa kali iliyoiangamiza Kusini. Kwa hiyo siwezi kuusimulia kama habari ya sayansi peke yake. Mamia ya watu walichimba, na zaidi ya tani 200 za visukuku, vikiwa vimefungwa kwa plasta na mianzi, zilisafirishwa kwa miguu mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi. Kipande kidogo mtu alijitwika juu ya ngata, na kikubwa kilibebwa mzegazega na watu wawili au zaidi.

Mama aliuliza kama yote tuliyoyaona ni mifupa yenyewe. Nikamjibu kwamba sehemu kubwa ni yenyewe, isipokuwa baadhi, hasa pingili za shingo na za mgongo, ambazo ni za kuigiza kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa: wabebaji wale waliitwa nani? Nililoweza kumtajia kwa uhakika lilikuwa moja, Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Mama alilirudia jina la Boheti mara mbili, polepole, kisha akalitamka la babu yake baada ya hilo, kana kwamba anayaandika kwenye mstari mmoja.

Akaanza kuuzunguka mnyama ule. Hakujali tena kichwa wala mbavu. Alikuwa akiupima kila mfupa kwa macho, akitikisa kichwa na kusogea. Alipofika kwenye mguu wa mbele aliinama. Pale chini, juu ya vidole, kuna mifupa mitano iliyosimama wima kama nguzo, kila mmoja ukizidi dhiraa kidogo. Aliitazama kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa utosini, pale ambapo ngata hukaa.

Nilikuwa nimerudi nyuma na kamera ili nimpige picha pamoja na mnyama mzima. Alinizuia, akaniita karibu.

"Usihangaike na huko juu, mwanangu. Piga huu hapa. Huu babu aliuweza peke yake."