Pesa ya pembea isikae na pesa ya sikukuu

Watoto wakishaona video za mabomba ya kuteleza ya Kunduchi Wet 'n' Wild, kiwanja cha michezo ya maji cha Dar es Salaam, swali la kwanza la wazazi huwa kiingilio. Ni swali la haki, lakini kwa mtu wa Unguja kiingilio ni sehemu ndogo ya safari. Pesa inaliwa na bahari, tumbo na ugeni.

Chukueni familia ya Mjini, wazazi wawili na watoto watatu. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, mpige simu mpate za wiki hiyo. Boti kwenda na kurudi: wakubwa 30,000 kwa kila safari, watoto 20,000, jumla 240,000. Kiingilio: wakubwa 20,000, watoto 15,000, jumla 85,000. Usafiri wa Dar kutoka bandarini hadi Kunduchi na kurudi, 60,000. Chakula cha siku mbili, 100,000. Zawadi kwa wenyeji na mchango wa jiko, 60,000. Hapo tayari ni 545,000, ongezeni 55,000 za dharura iwe 600,000. Kiingilio kimechukua kama sehemu moja ya saba tu.

Zile 60,000 za wenyeji wengi huziruka, wakidhani kulala kwa shangazi ni bure. Watu watano wanakula, wanaoga, wanatumia umeme, na hamwendi mikono mitupu. Sahani ya halua na karafuu kidogo, kisha mkono wa heshima wakati wa kuaga. Nyumba ya kulala wageni ingekuwa ghali zaidi, kwa hiyo msiilaumu hesabu hii.

Je, kwenda asubuhi na kurudi jioni? Inawezekana, ila ni hasara ya kiingilio. Boti inachukua kama saa mbili. Mkiondoka saa 1 asubuhi, mpaka mmetoka bandarini na kufika Kunduchi ni saa 4 na kitu, na kwa foleni za Barabara ya Bagamoyo inabidi muondoke mapema mchana kuiwahi boti ya jioni. Mmelipa siku nzima, mmecheza nusu.

Sasa pesa zenyewe. Mashauri mengi yanasema gawa jumla kwa miezi 12, weka kila mwezi. Kwetu mpango huo hufa mapema. Januari kuna sare na madaftari ya skuli. Ramadhani inakuja na futari, kisha nguo za Idi, na hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwezi uliokuwa mwepesi miaka michache iliyopita leo ndio mzito. Aprili na Mei ni masika, hoteli hufunga au hupunguza wafanyakazi, na dereva wa watalii hukaa barazani. Mtu anayetakiwa kuweka 50,000 mwezi wa Mei atazitoa kwenye kibubu hicho hicho.

Wekeni kwa msimu. Familia inayotegemea utalii na inayotaka kusafiri Disemba: Juni 60,000, Julai hadi Oktoba 120,000 kila mwezi, Novemba 60,000. Hiyo ni 600,000, na masika mmeyaacha yapite bila kuyadai kitu. Familia ya karafuu kule Pemba isifikirie mwezi kabisa. Kwa mfano wa bei ya 15,000 kwa kilo, safari hii ni kilo 40 za karafuu kavu, na hizo zitengwe siku ya mauzo, kabla pesa haijaingia nyumbani. Lakini mikarafuu haizai vizuri kila mwaka, basi safari ipangwe mwaka wa mavuno makubwa, si mwaka ambao mtoto ameahidiwa. Na wa Pemba waongeze boti ya kutoka Mkoani hadi Unguja, kwenda na kurudi.

Pa kuziweka pana uzito kuliko kiasi. Kibubu cha mbao kinafaa kwa kuanzia: kipigiliwe misumari pande zote, mdomo uwe mwembamba wa kupita noti iliyokunjwa mara moja. Mdomo mpana ni mwaliko kwa kisu na ubao wa rula. Masika noti hushika ukungu, na mchwa hawachagui, kwa hiyo ndani kiingie kopo la maziwa la bati na kibubu kisikae sakafuni. Kikikaribia 100,000 kipasuliwe, pesa zipelekwe benki. Asiyetaka riba ana akaunti za Kiislamu, PBZ Ikhlas ni mojawapo.

Simu ni rahisi, na ndiyo tatizo lake. Kuweka ni bure, kutoa kuna makato, na salio linaloonekana huitwa na kila shida ndogo: bando, umeme wa TUKUZA, mtu wa nyumbani aliyekwama. Mkiitumia, iwe laini nyingine isiyojulikana na jamaa, na nauli ilipwe moja kwa moja kutoka simuni ikiwezekana, badala ya kutoa pesa taslimu vipande vipande na kukatwa kila mara.

Upatu una nguvu kwa sababu una aibu ndani yake: kuna watu wanakusubiri. Watu 10, kila mmoja 20,000 kwa wiki, zamu ni 200,000. Kosa la kawaida ni kugombania zamu ya kwanza. Ukiipata mwanzoni na safari bado miezi minne, hiyo pesa itakuwa bati la banda la kuku. Omba zamu inayoangukia wiki mbili kabla ya kukata tiketi. Kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, akiwa na akili humpa zamu ya mwanzo mtu mwenye mshahara wa uhakika. Mwenye kipato cha kubahatisha huwekwa nyuma, maana upatu huvunjwa na aliyekwisha kupokea kisha akaishiwa.

Vikundi vya hisa vyenye sanduku la kufuli tatu ni salama zaidi, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti na mzunguko ni kama mwaka. Kabla ya kujiunga ulizeni jambo moja: mgao ni mwezi gani? Vikundi vingi hupenda kugawana karibu na Ramadhani au Idi. Mgao huo msiuhesabu kuwa wa safari, hata mkiapa. Utakuwa vitenge, viatu na biskuti.

Kuhusu kubana matumizi, kikombe cha kahawa barazani msikiguse. Akiba yake ni ndogo na maneno yake ni mengi. Pesa kubwa iko kwenye sare za harusi. Kitambaa, fundi, viatu vya kufanana, na msimu una harusi nne. Kukataa sare mbili na kwenda na nguo nzuri uliyonayo kunaokoa zaidi ya kahawa ya mwaka, ingawa mtasemwa. Ya pili ni mchele. Nyumba inayopika kilo 2 kwa siku hutumia kilo 60 kwa mwezi. Kama dukani kilo imezidi kwa shilingi 200 kuliko bei ya polo zima la mchele wa mapembe, hiyo ni 12,000 kila mwezi. Nyumba mbili zinunue polo pamoja zigawane. Ila tofauti iingie kibubuni siku hiyo hiyo, kwani ikibaki mfukoni haikuokolewa.

Watoto nao wana mfuko: pesa ya sikukuu. Msiwanyang'anye yote. Nusu waende nayo kwenye pembea za Kariakoo ya Unguja, au Tibirinzi kwa walio Chake Chake, nusu iingie kopo lenye jina la mtoto. Hilo kopo liwe la vitu vya kule tu, kama barafu na soda, na utashangaa mtoto anavyokuwa mchumi akiwa ndiye mlipaji.

Wanaowaza viwanja vya michezo vya Dubai, hiyo ni hesabu nyingine. Pasipoti ni 150,000 kwa kila mtu, yaani 750,000 kwa watano kabla ya viza na ndege. Dirhamu ya huko imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi ikishuka akiba yenu inashuka nayo. Kateni tiketi za ndege mapema, hizo haziongezeki baada ya kulipwa. Bei huwa nafuu kiangazi cha huko, lakini joto hupita nyuzi 40, basi chagueni viwanja vya ndani kama IMG Worlds of Adventure.

Mkibaki na Kunduchi, pigeni simu mambo matatu: siku wanazofunga, chakula cha nje kinaruhusiwa au la, na nguo za kuogelea za stara wanazokubali. Viwanja vingi vya maji hukataa nguo za pamba, na kununua nguo za watu watano mlangoni ni shimo jipya. Juni kusi huvuma, bahari huchafuka, na boti huweza kuahirishwa, kwa hiyo zile 55,000 za dharura zisiguswe mpaka mguu ukanyage bandari ya Malindi, Unguja. Ili msichafukwe na bahari, kaeni ghorofa ya chini ya boti, upande wa nyuma, watoto wasile vya mafuta asubuhi, na ndimu iwe karibu.