Nilivyofika kwenye karatasi kutokea Kigoma

Watu wa nyumbani wakisikia nafanya kazi kiwanda cha karatasi wanadhani nilisomea misitu. Hapana. Nilimaliza kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kusomea uhandisi wa michakato ya kibayolojia, yaani namna ya kuchukua kitu kilichoota shambani na kukigeuza bidhaa kwa joto, kemikali na mashine. Jina la kozi halitaji karatasi, na wengi tuliosoma pamoja walikuwa wanawaza unga, juisi na maziwa. Wadogo zangu wa Kigoma na Kasulu huniuliza nilichepukia wapi.

Nilichepukia kwenye hesabu. Tulipewa swali la kufuatilia maji kwenye mashine ya karatasi. Rojo, yaani nyuzi za mmea zilizochanganywa na maji, linapomwagwa kwenye wavu, nyuzi hazifiki hata asilimia 1 mara nyingi, kilichobaki chote ni maji. Wavu unachuja, mashinikizo yanakamua, kisha mitungi ya mvuke inakausha mpaka unyevu unabaki kama asilimia 5 hadi 8. Nikaona kumbe kiwanda cha karatasi kazi yake kubwa ni kuondoa maji, na tone unaloliondoa kwa kukamua ni rahisi mno kuliko unaloliondoa kwa mvuke. Mtu aliyekulia Kibirizi, kando ya ziwa pale Kigoma, akiona dagaa wanavyogoma kukauka masika haoni ajabu.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuwa na mradi. Mimi nilitaka kitu cha nyumbani. Kule Simbo mama mdogo anakamua mawese, na kila msimu nyuma ya banda hubaki lundo la mikungu mitupu, ile inayobaki chikichi zikishapukutishwa. Wengine huichoma, wengine huirudisha shambani. Malaysia na Indonesia wameshaifanyia utafiti mwingi wa kutengeneza rojo la karatasi, kwa hiyo sikuwa nabuni jipya. Nilichotaka ni kujua ya kwetu, inayotoka kwenye ukamuaji wa mikono, inakuwaje.

Mama mdogo anapika pia sabuni ya mawese, hivyo kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, ilikuwepo na adabu yake anaijua kuliko mafundi wengi wa maabara. Sheria yake ya kwanza: sufuria ya alumini ikae mbali, kostiki inaila. Tulikata mikungu kwa panga, tukaiweka kwenye pipa la chuma, tukawasha moto. Haikuchukua muda povu likapanda hadi mdomoni mwa pipa. Akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, karatasi yako ni sabuni."

Alikuwa sahihi kabisa, na povu lile ndilo likawa mradi. Ukamuaji wa mikono huacha mafuta kwenye mikungu. Mafuta yakikutana na kostiki yanakuwa sabuni, na kostiki iliyotakiwa kuyeyusha lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi, inaishia huko. Nikapima mikungu iliyooshwa kwa maji ya moto na isiyooshwa, kila moja kwa kiasi kilekile cha kostiki. Maabara kuna kipimo kinaitwa namba ya kappa. Unatia rojo kwenye kemikali iitwayo pamanganeti, na kadiri lignini iliyobaki inavyokuwa nyingi ndivyo pamanganeti inavyoliwa zaidi. Rojo la mikungu isiyooshwa lililipuuza kabisa jasho langu, lignini ikabaki nyingi. Lililooshwa lilitoa karatasi ya kahawia, ngumu kiasi, yenye madoa machache ya mafuta.

Barua za kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, zinafanana zote, na naamini nyingi hazisomwi. Mimi nilibana kipande cha karatasi ile kwenye barua, chini yake nikaandika kiasi cha kostiki, joto na muda wa kupika. Kiwanda kimoja cha nyanda za juu kusini kikaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mikungu?"

Mzee wa maabara alikuwa na kipande changu mezani. Akakichana taratibu, akaelekeza ukingo uliochanika dirishani. "Haijapigwa vya kutosha." Maana yake nyuzi hazikusuguliwa ndani ya maji mpaka zitoe vinyweleo vya kushikana. Halafu akaniwekea karatasi ya mpaina kando yake. Nyuzi za mpaina hufika kama milimita 3, za mikungu ni kama 1 tu, karibu sawa na za mlingoti. Nyuzi ndefu hutoa karatasi imara, ndiyo maana mfuko wa saruji unapenda mpaina.

Mahali kozi yangu iliponibeba hasa ni kwenye boila. Vipande vya mti hupikwa na kostiki na sodiamu salfaidi kwenye joto la karibu nyuzi 170, yanatoka maji meusi yenye lignini. Haya hukaushwa mpaka yawe mazito, yakachomwa: lignini inatoa mvuke, kemikali zinarudi kupika tena. Hapo hakuna anayekuuliza majina ya miti. Wanauliza nishati, mtiririko wa vimiminika na mizania ya sodiamu, yaani imeingia kiasi gani na imetoka kiasi gani, na hayo ndiyo tuliyokesha nayo chuoni. Harufu ya salfa, ya mayai viza, pua inaizoea mapema. Nguo haziizoei.

Sasa kuna rafiki yangu Ujiji ameona mikungu inavyotupwa, anataka tufungue kiwanda cha kuipika. Nimemkatalia. Bila mtambo wa kuchoma maji meusi, kostiki inapotea kila mpiko na uchafu wote unatafuta njia ya kwenda Ziwa Tanganyika, na mtambo huo haulipi kwenye kiwanda kidogo. Nimemwambia aanze na trei za mayai. Malighafi ni makaratasi chakavu ya ofisini na maboksi ya madukani Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, yanalowekwa na kusagwa kwa maji tu, kostiki haihitajiki, na wafugaji wa kuku wapo. Ameniomba nimpigie hesabu ya maji na kuni za kukaushia, nami nimeshaianza.