Betri Nane za Jazi

Mjomba wangu alikuwa na kanda kumi na moja za jazi, kazipanga ndani ya bati la biskuti na kulifunga kwa kamba ya nyavu. Jazi kwetu Lamu ilikuwa na maana moja tu: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, na kwa waliopenda Kilingala, OK Jazz ya Franco. Magitaa yanajibizana, tumba inapigwa chinichini, kisha saksafoni inaingia kama mtu aliyechelewa harusini. Dansi, basi. Kwa nini bendi hizo ziliitwa hivyo, sikuwahi kuuliza.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 19, nikibahatisha riziki ya wageni pale gatini. Nikampata Mmarekani mmoja mzee, mwalimu wa muziki aliyestaafu, aliyepanga chumba mtaa wa Langoni. Alitaka kwenda kisiwa cha Manda Toto. Tulipokwisha kupatana bei akahesabu kwa vidole: mashua, kuogelea kwenye matumbawe, samaki wa kuchoma, "and all that jazz".

Hilo la mwisho ndilo nililolishika kuliko yote. Mashua na samaki kila kijana pale gatini aliweza kumpa. Jazi angeipata wapi kama si kwetu?

Mjomba hakutaka kusikia. Nilimbembeleza tangu magharibi hadi isha, akakubali kunipa redio yake kubwa na kanda sita. "Usinirejeshee hata moja ina mtanga," akasema. Redio ilikula betri nane, zile kubwa. Nilizinunua kwa pesa yangu, na dukani nilijiambia kwamba mgeni akifurahi zitarudi.

Tulitoka alfajiri ili tupite mlango wa bahari wa Mkanda maji yangali mengi. Tanga lilipotulia tu, nikabonyeza. Mbaraka akaanza kuimba katikati ya mikoko. Nahodha, mtu wa Matondoni asiyecheka ovyo, akawa anatikisa kichwa huku kashika usukani. Mgeni alitabasamu kwa adabu. Kanda ya kwanza ikaisha, nikaweka ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Franco, nayo ikakwama. Nikaitoa, utepe ukanifuata kama utumbo wa samaki. Nikatia kalamu ya biki kwenye lile tundu lenye meno na kuanza kuurudisha taratibu, nikiunyoosha kwa ukucha pale ulipojikunja.

Hapo ndipo aliponiuliza, kwa upole, kama nilikuwa napenda sana muziki huu.

"Wewe ndiye uliyeagiza," nikamwambia. "Ulisema jazi."

Alinitazama kitambo. Kisha akacheka mpaka akashika mlingoti. Alikuwa amesema "na nini na nini". Basi! Mashua, samaki, na nini na nini. Kwao, akanieleza, neno hilo hubeba chochote: mazagazaga, uchangamfu, hata upuuzi. Mtu akikudanganya unaweza kumwambia asikuletee jazz.

Tulipofika Manda Toto alisahau kuogelea. Alikaa kivulini, tewa anaungua upande mmoja, akanisomesha. Neno lenyewe, alisema, halikuanzia kwenye muziki. Mwaka 1912 gazeti moja la Los Angeles lilimnukuu mrushaji wa besiboli akijisifu kwamba ana mrusho wa "jazz", mpira unaoyumba mpigaji asiuwahi. Mwaka uliofuata magazeti ya San Francisco yakalitumia kwa maana ya nguvu, ari, moto wa mtu mwilini. Kufika 1915 ndipo Chicago walipolibandika kwenye muziki, na mwaka 1917 ikarekodiwa sahani ya kwanza ya bendi iliyojiita kwa jina hilo, tena wakiliandika "jass". Wapigaji weusi wa New Orleans, ambao muziki ni wao, walikuwa wakiuita ragtime. Kulikuwa na maana nyingine pia, ya chumbani. Hiyo aliipitia haraka akitazama bahari.

Nikamuuliza: sasa Mbaraka na Franco je, si jazi? Akaniomba nirudishe kanda ya kwanza. Aliisikiliza macho kayafumba, kidole kikipiga gotini. Akasema kama jina lilitoka kwenye mpira likaingia kwenye tarumbeta, nani wa kulizuia lisiende Morogoro? Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa nadhani lilitokana na adabu kidogo.

Aliponilipa jioni, aliongeza pesa ya betri bila kuombwa.

Nyumbani nilimsimulia bibi yangu. Kwa Kiamu chetu kujaza mtungi ni kuyaza, kwa hiyo neno jazi halikumchanganya hata kidogo. Alijua jazi moja tu, ya kumlipa mtu kwa wema wake, ile ya "Mola akujazi". Akauliza, kwa dhati kabisa, "Kumbe Wamarekani nao hujaziana?"

Mjomba alikagua kanda zake moja moja chini ya taa. Mtanga hakuona. Lakini ile ya Franco ilibaki na mkunjo, na kila ikifika pale sauti ilikuwa ikilegea, ikateleza chini kama mtu aliyekanyaga tope, kisha ikasimama tena. Miaka mingi baadaye, akiicheza, alikuwa akinyanyua kidole sekunde moja kabla na kuniita kutoka barazani: "Ndoo, Mmarekani wako apita!"