Tuliomba mai, wakaandika mayai

Nilipoondoka Amu, yaani mji wa Lamu, mwaka 2008, gari la mjini lilikuwa moja, la DC, na kila mtoto aliujua mlio wake. Mwenye shida alikwenda kwa DC, au alimvizia kansela, yaani diwani, akitoka msikitini. Nimerudi 2024 nimekuta gavana, seneta, mwakilishi wadi, bodaboda mpaka uwanja wa Mkunguni, na lami kutoka Garsen, pale ambapo sisi tulikuwa tukishuka kwenye basi kulisukuma matopeni huku abiria wazee wakitusomea dua. Hayo yote niliyatarajia, picha za simu zilishanizoesha. Kilichonivuruga hakikuwemo kwenye picha hata moja, na tangu kitokee sikai na mtu dakika tano bila kukirudia. Dada yangu amenipiga marufuku kulitaja neno lenyewe wakati wa chakula. Neno lenyewe ni mayai.

Ilikuwa hivi. Kipaza sauti kilipita mitaa ya Langoni na Mkomani kutangaza mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mpango wa mji wa miaka ijayo. Mimi miaka kumi na sita nilikuwa mtunza stoo Sharjah, kwenye vifaa vya ujenzi. Ramani za mitaa mizima zilipita mezani pangu zikiwa na mihuri tayari, na hakuna siku mtu alimuuliza dereva, mpishi au mtunza stoo angependa kuishi vipi. Kwa hiyo kusikia kwamba kwetu sasa sheria yenyewe inalazimisha watu waulizwe, nilipiga pasi kanzu.

Na niseme ukweli, nilikwenda na kiburi. Wenzangu kambini walikuwa wakilala na habari za Arsenal, mimi nilikuwa nasoma habari za Amu. Nilijua kwamba Katiba ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa wananchi kwenye Ibara ya 10, na kwenye mambo ya mazingira Ibara ya 69. Nilijua kwamba kila kaunti lazima iandike mpango wa maendeleo wa miaka mitano na wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliposema kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo kwenye bandari mpya ya Lamu, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, niliwanunulia chai Wapakistani wawili ambao hawakuwa na habari Lamu iko wapi. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni, ikafutwa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi, hukohuko kaunti ya Lamu. Baraza la kusikiliza rufaa za mazingira lilitazama mikutano iliyokuwa imefanywa na wananchi, likaona ilikuwa ya utangulizi tu. Watu walikutanishwa kabla utafiti haujafanywa, na ripoti ilipokwisha kuandikwa hawakurudiwa waambiwe imesema nini. Nikasema moyoni, mji wangu umeufundisha ulimwengu namna ya kuuliza watu. Chai ile nilinunua tena.

Basi nikaingia kwenye hilo hema nikiwa nimeshajaa.

Sitataja wale washauri walitumwa na nani. Waliotuma tunaonana nao sokoni. Walikuwa vijana watatu, wenye adabu, wamechoka na boti ya Mokowe, na Kiswahili chao cha Nairobi ambacho sina ugomvi nacho. Tulipangwa kwenye viti vya plastiki, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Tukatia sahihi karatasi mbili, moja ya mahudhurio, moja ya nauli. Soda zikaja kabla ya ramani. Ramani ilipokuja ilikuwa ya rangi nzuri sana na mitaa haikuwa na majina, ina namba.

Yule kijana mkubwa akasema, "Wazee wetu, fungeni macho, muione Amu ya mwaka 2050."

Mzee wa pembeni yangu akasema bila kupunguza sauti, "Mimi nkifumba mato hulala."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kijana naye akacheka. Ilikuwa asubuhi ya kucheka. Kisha wakagawa vikaratasi vya rangi vile vya kunata. Andika neno moja tu, wakasema, jambo ambalo mji huu hauwezi kuishi bila. Wao wangevikusanya na kuvibandika ubaoni chini ya vichwa vya habari: Biashara na Utalii, Kilimo na Ufugaji, Elimu, Afya, Miundombinu.

Upande wa wanawake kulikuwa na Bi Mkubwa mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyenilea nusu ya utoto wangu kwa bamia na makofi. Haandiki. Akamwambia mjukuu wake amuandikie, na mjukuu, mtoto mtiifu, akaandika vilevile ilivyotoka kinywani mwa bibi yake: mai. Wenzake watano wa umri ule waliokuwa hawaandiki wakampa mtoto vikaratasi vyao, wakasema, na sisi hilohilo. Vikawa sita.

Wenyeji hamna haja ya kuelezwa. Wengine nitawaambia: huku kwetu maji ni mai. Hatukuyavunja maji, ndivyo Kiamu kilivyoyapokea tangu huko, na tenzi za kale zimejaa mai.

Kijana akakitazama kikaratasi. Nilimuona, nilikuwa mstari wa mbele na kanzu yangu. Akakunja uso kidogo, kisha akatabasamu kama mwalimu wa darasa la pili aliyekuta kosa la kusameheka. Akachukua kalamu, akapachika "ya" katikati. Ma-ya-i. Akakibandika chini ya Kilimo na Ufugaji. Kikaja cha pili, akafanya vilevile, mpaka cha sita. Kisha akamgeukia Bi Mkubwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Asante sana, shosho, tumechukua maoni yako."

Jenereta ilikuwa inanguruma. Yeye alisikia "asante" akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Pale alipokaa ubao asingeuona hata kama angejua kusoma. Mimi niliuona. Nilimgusa mwenzangu wa skuli tuliyekaa naye, nikamwonyesha, tukacheka mpaka soda ikanipanda puani. Nikasema nitamsimulia dada hii jioni. Hata kuinuka sikuinuka.

Sasa, maji ya kunywa ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unaiweka, na maji matamu yanaelea chini kule juu ya maji ya chumvi. Hakuna mto, hakuna ziwa, ni hayo tu. Ukiyavuta zaidi ya mvua ilivyoleta, chumvi inapanda. Ukijenga juu yake na kuchimba mashimo ya vyoo, unajua mwenyewe kinachoshuka. Na nyumba zimekuwa zikivisogelea vilima hivyo mwaka hadi mwaka. Miaka ninayoikumbuka mimi, bomba la nyumbani lilitoa maji unayoweza kuyaandalia chai bila kufikiri. Siku ya pili ya kurudi kwangu nilikunywa chai ya mamangu nikadhani amekosea akatia chumvi. Akasema, "Hayo ndiyo mai ya siku hizi, utazoea." Yaani ukitaka mpango wa mji huu kwa neno moja, wale wanawake sita walikuwa wameshaumaliza. Bandari, utalii, watu wapya wanaotarajiwa kuja kwa maelfu, vyote hivyo vinakunywa.

Ripoti nilitumiwa kwa simu, kurasa 64. Niliifungua kibarazani usiku, bado nikiwa na kicheko changu. Vipaumbele vimepangwa kwa kura. Cha nne, baada ya ajira, hospitali na hati za ardhi: ufugaji wa kuku wa mayai kwa kina mama. Kuna na aya nzima ya maelezo, imeandikwa vizuri, inasema wanawake wazee wa mji wameonyesha hamu kubwa ya mradi huo. Maji yametajwa kwenye mstari mmoja, pamoja na taa za barabarani. Ukurasa wa 31 nimo mimi mwenyewe kwenye picha, nimeinua mkono juu. Nilikuwa naomba nifunguliwe soda. Chini yake pameandikwa: Wakazi wakiunga mkono vipaumbele.

Hapo kicheko kilikwisha. Nimeirudia picha ile mara nyingi kuliko picha ya harusi yangu. Nina meno yote nje.

Nilipomwambia dada yangu, nilianza na maneno yale ya sisi tuliorudi. Kwamba zamani mambo yalizungumzwa barazani, mlangoni kwa mtu, kahawa tungu mkononi, na mzee akisema mai hakuna aliyemsahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwenye hizo baraza za zamani, mama yetu alikuwa anakaa wapi? Nikanyamaza. Alikuwa anakaa ndani, nyuma ya pazia, akisikia, akileta birika. Akasema, "Angalau mwaka huu wamempa karatasi." Sikupenda jibu lile na bado silipendi, lakini sijapata la kumrudishia.

Kwa hiyo nyinyi mlioko Jeddah, Maskati, Doha, mnaopanga kurudi na mnasoma sheria kwa simu usiku kama nilivyokuwa mimi: sheria ni nzuri, zisomeni. Ila mkifika mkutanoni acheni kukaa mbele na kanzu. Kaa karibu na ubao. Ukitia sahihi ya nauli, soma juu ya karatasi pameandikwa nini, maana pale pako huenda pakasomeka kwamba umeafiki. Maoni yako yaandike kwa urefu wake, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Ripoti usingoje utumiwe na mtu kwa huruma. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kuiomba, na kwa sheria ya habari ya 2016 ofisi ina siku 21 za kukujibu. Na mtu akikosea mbele yako, inuka. Usiniulize mimi kuinuka kunakuwaje.

Nimeandika barua ya marekebisho, kurasa mbili, nimeipeleka kwa mkono. Muhuri ninao. Bado nahesabu siku.

Kabla ya hapo ilibidi niende kwa Bi Mkubwa, maana jina lake limo na alama ya kidole chake imo. Nilimweleza kidogokidogo, nikitarajia acheke au anilaani. Alikaa kimya akichambua mchicha. Kisha akauliza hao kuku wataletwa lini.

"Hawaletwi, Bi Mkubwa. Ni kosa. Nataka kulirekebisha."

"Wakiletwa," akasema, "watakunwa nini?"

Akanipa kata nimchotee kwenye mtungi. Nilionja kabla ya kumpa.