Niliyemdhani Binti

Jana usiku, mama akiwa anafuma sweta ya mjukuu tunayemtarajia mwezi ujao, nilimwonyesha kwenye simu picha iliyochorwa na Diego Velázquez mwaka 1659, nikamwambia amtazame binti wa mfalme. Mama alishusha sindano, akaisogeza simu karibu na miwani, akaniuliza mtoto huyo alikuwa akiumwa nini.

"Kwa nini, mama?"

"Hirizi zote hizo, mwanangu, hazivalishwi mtoto mzima."

Nilirudi kuisoma picha kwa utulivu zaidi. Mtoto amesimama katika chumba chenye giza, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kiti chekundu alicholala kijibwa cheupe. Amevaa gauni refu la rangi ya waridi inayoelekea wekundu, na juu yake aproni nyeupe nyepesi, ambayo kifuani na kiunoni imepitishwa kamba zinazoning'iniza kengele ndogo na hirizi. Kumbe si binti. Ni Felipe Próspero, mrithi wa Mfalme Felipe wa 4 wa Hispania, aliyezaliwa Novemba 1657 na kuishi maisha ya maradhi. Mama, ambaye hajawahi kuingia katika jumba lolote la sanaa, aliona jambo ambalo mchoraji alitaka lionekane. Mimi niliona gauni na rangi, nikapotoka.

Nilipotoka kwa sababu nililipa gauni kazi ambayo halikuwa nayo. Katika Ulaya ya karne ile, na kwa muda mrefu baadaye, gauni lilieleza umri: mtoto mdogo wa kiume alilivaa kama dada yake, jambo lililomrahisishia mlezi kazi ya kumbadilisha nepi, hadi siku alipovalishwa suruali kwa mara ya kwanza, mara nyingi kati ya miaka 4 na 7. Desturi hiyo ilidumu hadi enzi ya kamera, kwani Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na nywele ndefu na gauni jeupe. Weupe huo nao ulikuwa na sababu ya kawaida kabisa, kwamba nguo nyeupe huchemshwa na kufuliwa bila hofu ya kuchuja.

Kuhusu rangi, ushahidi uko Vienna, Austria, katika jumba la makumbusho ambako picha hiyo inatunzwa pamoja na ya dada yake, Margarita. Zote mbili zilipelekwa huko kwa Mfalme Mkuu Leopold wa 1, mjomba wa damu wa watoto hao, ambaye miaka 7 baadaye alimwoa Margarita (naam, mpwa wake mwenyewe, mama aliguna nilipomweleza). Msichana amevaa buluu. Gauni lake la hariri, lenye nakshi za fedha, limepanuka ubavuni kuliko upana wa mabega yake mara kadhaa, na hakuna aliyeona kasoro yoyote kwamba kaka amevaa waridi na dada buluu.

Hata mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani lilishauri kwamba waridi, kwa kuwa ina nguvu, ni ya wavulana, na buluu, kwa upole wake, ni ya wasichana. Miaka hiyo bibi yangu alikuwa tayari anatambaa. Kwa hiyo kanuni ya waridi kwa wasichana na buluu kwa wavulana, ambayo wenye maduka wa leo huisimamia kana kwamba imeteremshwa, ni changa kuliko bibi yangu, na nakiri kwamba nami nimeitii kila nilipokwenda kununua zawadi ya mtoto.

Sweta ya mama ni ya manjano. Hufuma kwa manjano au nyeupe tu, kwa sababu huanza kabla mtoto hajazaliwa na hapendi kubashiri.

Kabla ya kulala aliniuliza kama yule mtoto alipona. Nilimwambia kwamba alifariki tarehe 1 Novemba 1661, akiwa hajatimiza miaka 4, na siku 5 baadaye mama yake akajifungua mwana mwingine. Mama alinyamaza. Kisha akaanza kuhesabu upya vitanzi kwenye sindano, kwa kuwa nilikuwa nimempotezea hesabu.