Jinsi nilivyoyaokoa mabamba yasiende kwenye taka za mionzi

Nilipoanza kupima vifaa vya kinu cha nyuklia kilichobomolewa, niliambiwa: "Pitisha mita ya mionzi. Ikilia, peleka kwenye taka. Ikinyamaza, ruhusu kitoke." Ushauri huo ni mbovu pande zote mbili, na unanikera hadi leo.

Mita kunyamaza si ushahidi. Chembe za alfa, aina moja ya mionzi, husafiri sentimita chache tu hewani, na koti moja la rangi linatosha kuzificha. Bomba linaweza kuwa safi nje na ndani lina utando wa strontiamu-90, dutu ya mionzi ambayo chembe zake za beta hazipenyi chuma kinene. Bomba ambalo kigunduzi hakiingii ndani yake, mimi huagiza lipasuliwe kwa urefu. Mafundi wakinung'unika, nawatajia Ciudad Juárez, Meksiko, ambako mwishoni mwa 1983 kobalti-60, chuma chenye mionzi cha mashine ya tiba, iliyeyushwa pamoja na chuma chakavu, ikawa nondo za kujengea nyumba.

Sasa mita ikilia. Tulitoa mabamba ya plastiki kwenye chumba cha chini kilichofungwa muda mrefu, na karibu kila bamba likapiga kengele. Msimamizi akataka yote yaingie kwenye mapipa ya taka za mionzi, na kuhifadhi taka hizo ni ghali mno. Nikamwomba asubiri hadi asubuhi. Kilichonitia shaka ni vyuma vilivyolala kando ya mabamba yale: vilikuwa safi. Uchafuzi wa kinu hauchagui plastiki ukaruka chuma!

Nikatoa bamba moja penye hewa safi, nikafunga kigunduzi juu yake kisisogee hata kidogo, nikawa naandika hesabu za mionzi inayogonga kigunduzi. Ndani ya saa moja zilikuwa zimeporomoka vibaya. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, kobalti-60 miaka mitano na ushei; hizo, uchafuzi wa kawaida wa kinu, haziwezi kufanya hivyo. Spektromita ya gama, kifaa kinachotambua dutu kwa nishati ya mionzi yake, ikamaliza ubishi: vilele kwenye nishati za keV 352 na 609, yaani metali za risasi-214 na bismuthi-214, mazao ya radoni, gesi inayotoka kwenye udongo na zege. Plastiki ikisuguliwa hupata umeme tuli na kuyanasa, kama kioo cha runinga kinavyonasa vumbi. Kwenye keV 662 ya sesiamu, wala 1173 na 1332 za kobalti, hapakuwa na kitu.

Asubuhi bamba lilisoma sawa na mionzi ya kawaida ya mazingira. Hata hivyo sikuliachia kwa hilo tu. Tulipima mabamba yote upya na kuchukua sampuli, maana kiwango cha Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki cha kuruhusu kifaa kitoke, kwa sesiamu-137 na kobalti-60, ni bekereli (kipimo cha mionzi) 0.1 kwa gramu. Yalipita yote, yakatoka.

Ukijaribu njia hii, pima kwanza mionzi ya mazingira pale pale utakapoweka kifaa, kwa kuwa zege lina potasiamu-40 yake, ambayo nayo hutoa mionzi. Hesabu zikishuka polepole, usikate tamaa mapema: risasi-212, itokayo kwenye thoriamu ya asili, huchukua zaidi ya saa 10 kupungua nusu. Kipe kifaa siku mbili tatu.